Kasi Ileile, Mapigo Machache

Panda mashine ya kukimbilia katika jimu yoyote, iwe ya Sinza au ya Westlands, na kabla jasho halijatoka kioo kilicho mbele yako kitakuwa kimeshaanza kukumwagia namba: kasi, umbali, dakika, mwinuko, kalori. Katika hizo, mbili ndizo watu huondoka nazo kichwani na kuzisimulia ofisini kesho yake, yaani umbali na kalori. Jumatatu kilomita tatu, Jumatatu inayofuata nne, mwisho wa mwezi sita, na kila hatua inahesabiwa ushindi mpaka pale goti linapoanza kulalamika au pumzi inapogoma kabisa kusogea, na kadi ya uanachama ikaanza kulala kwenye pochi. Anayelaumiwa hapo kwa kawaida ni uvivu. Mimi naona kosa ni la kipimo. Namba iliyopanda kwa sababu leo umejikaza zaidi haithibitishi kwamba umekuwa imara zaidi; inathibitisha kwamba umejikaza, basi. Anayetaka kujenga pumzi, na kujua kama kweli inajengeka, inampasa aiache kasi mahali pamoja, kisha aangalie mwili unatozwa kiasi gani kwa kasi hiyo, wiki baada ya wiki. Na kwa kazi hiyo moja hakuna barabara, ufukwe wala uwanja unaoifikia mashine.

Pumzi wanayoizungumzia wakimbiaji haihusiani sana na ukubwa wa mapafu. Kwa mtu mwenye afya, mapafu mara nyingi huingiza oksijeni ya kutosha; kinachobana ni usafirishaji wake hadi kwenye misuli na jinsi misuli inavyoitumia. Magari mawili yakitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa mwendo mmoja na mzigo mmoja, tutajua lipi lina injini nzuri kwa kuangalia mafuta yaliyobaki kwenye tangi, maana saa ya kufika ni ileile. Mwili nao ndivyo ulivyo. Mabadiliko ya kwanza ya mazoezi huja mapema, ndani ya siku na wiki chache: sehemu ya majimaji ya damu huongezeka, moyo hujaa vizuri zaidi kati ya pigo na pigo, na kila pigo husukuma damu nyingi kuliko awali, kwa hiyo damu inayohitajika kukimbia kilomita nane kwa saa inafika kwenye misuli kwa mapigo machache. Mabadiliko ya pili huenda taratibu na hutokea ndani ya misuli yenyewe. Mwaka 1967 John Holloszy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alichapisha matokeo ya panya aliowakimbiza kwenye mashine kwa wiki 12. Uwezo wa mitokondria za misuli yao, yaani zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nguvu, ulikuwa umepanda karibu mara mbili. (Panya wale, tukumbuke, hawakuonyeshwa kalori zao.) Kano na mifupa huja nyuma kabisa, baada ya miezi, na hapo ndipo tunapopata maelezo ya lile goti: moyo umeshazoea, mwenyewe anajiona simba, lakini kamba zinazoshikilia misuli bado hazijapata taarifa.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unatoka kwa mtu mmoja aliyepimwa kwa miaka mingi. Paula Radcliffe, Mwingereza aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, alianza kwenda maabara kwa mwanafiziolojia Andrew Jones akiwa bado msichana, na akaendelea kupimwa kuanzia mwaka 1992 hadi mwaka huo wa rekodi. Rekodi ile ilidumu miaka 16, mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago mwaka 2019. Jones alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 2006, wasomaji wengi walitarajia kukuta uwezo wa juu kabisa wa kuvuta oksijeni, kile kipimo kinachosifiwa sana, ukiwa umepanda mwaka hadi mwaka. Haukupanda. Ulikuwa karibu mililita 70 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika alipokuwa kijana, na ukabaki papo hapo alipokuwa bingwa. Kilichobadilika ni gharama. Kwenye mashine iliyowekwa kilomita 16 kwa saa, mwaka 1992 kila kilomita ilimgharimu mililita 205 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake. Mwaka 2003 kasi ileile ilimgharimu mililita 175. Ni punguzo la karibu asilimia 15, na limo ndani ya kasi ambayo haikuguswa kwa miaka 11. Kama Jones angekuwa anaandika tu umbali aliokimbia binti yule kila wiki, angekuwa na daftari refu lisilojibu swali lolote.

Mtu wa kawaida hana barakoa ya kupimia oksijeni, wala haihitaji. Mapigo ya moyo huongezeka karibu sambamba na oksijeni inayotumika, kwa hiyo kwa kasi moja isiyobadilika, mapigo yanayoshuka ni taarifa ya kuaminika kwamba gharama inashuka au kwamba kila pigo linabeba zaidi, na yote mawili ndiyo tunayoyatafuta. Ila sharti la kasi isiyobadilika ni gumu kuliko linavyosikika. Mkimbiaji wa Dar anayetoka Mwenge hadi Coco Beach alfajiri ya Januari anakutana na unyevu, upepo wa bahari, mitaro, bodaboda inayotokea pasipo taa na mbwa wa mlinzi. Saa yake ya mkononi ikionyesha mapigo kumi zaidi ya wiki iliyopita, nani atajua kama ni moyo, ni joto au ni mbwa? Juu ya mashine vingi kati ya hivyo vinaondoka. Ukanda unazunguka kwa kasi uliyoiagiza, mwinuko ni ule ule, na feni unaweza kuiweka mahali pale pale. Mashine inadharauliwa kwa sababu haibadiliki, na hiyo ndiyo sababu mimi naitetea.

Utaratibu wenyewe hauna mbwembwe. Chagua kasi ambayo unaweza kukimbia huku ukitamka sentensi nzima bila kuikata katikati. Kwa anayeanza inaweza kuwa kilomita saba kwa saa, kwa mwingine tisa, na kwa aliyekaa muda mrefu bila mazoezi inaweza kuwa kutembea kwa haraka kwenye mwinuko wa asilimia tano. Tembea na kujichangamsha dakika kumi, kisha kimbia dakika 20 kwa kasi hiyo pasipo kugusa kitufe, na uandike wastani wa mapigo ya dakika tano za mwisho. Mkanda wa kifuani hupima vizuri zaidi. Saa ya mkononi inafaa kwa wengi. Vile vishikio vya chuma vya mashine visikutie moyo wala kukuvunja, kwa sababu mkono wenye jasho unaotikisika hausomeki sawasawa. Asiye na kifaa chochote ashuke kando ya ukanda, aweke vidole kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne, mara moja, kabla moyo haujatulia. Rudia kipimo hicho kila wiki au kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile, feni ikiwa palepale. Tuseme wiki ya kwanza unaandika 154 kwa kilomita nane kwa saa, na wiki ya kumi unaandika 143. Kioo hakitakupongeza, maana kwake zile ni dakika 20 na kilomita zilezile. Lakini umejenga pumzi, na una ushahidi wa maandishi.

Vipi kama mashine yenyewe inadanganya? Swali hili ni la haki, kwa kuwa mota zilizochoka hupunguza mwendo kila mguu unapotua. Kuna njia ya kuikagua isiyohitaji fundi. Mashine ikiwa imezimwa, weka alama ya chaki kwenye ukingo wa ukanda, uzungushe kwa mkono huku ukipima kwa tepu mpaka alama irudi ilipoanzia. Huo ndio urefu wa mzunguko mmoja. Tuseme ni mita tatu. Sasa mtu apande akimbie kwa kasi ya kilomita kumi kwa saa, na mwenzake asimame pembeni na saa, ahesabu alama ikipita mara 50. Hizo ni mita 150, na zinatakiwa kuisha kwa sekunde 54. Zikichukua sekunde 58, kasi ya kweli ni kilomita 9.3, haidhuru kioo kimeandika nini. Hata hivyo tusiikamie sana mashine ya namna hiyo. Inayodanganya kwa kiasi kilekile kila siku bado ni shahidi mzuri wa mabadiliko, mradi usihamehame. Anayepima leo kwenye mashine ya dirishani na wiki ijayo kwenye ile ya pembeni, hana kumbukumbu ya mwili wake. Ana kumbukumbu ya mashine mbili. Kwa kalori sina huruma. Ile ni makadirio yanayofanywa na kifaa ambacho mara nyingi hakijui hata uzito wako, na ukishika vishikio huku mwinuko ukiwa umepandishwa, mikono inabeba sehemu ya mwili, gharama inapungua, na kioo kinaendelea kukuhesabia kana kwamba unapanda mwenyewe.

Wapo watakaosema mapigo ya moyo ni kigeugeu, na ni kweli. Usingizi mbovu, kikombe cha kahawa, ugomvi wa asubuhi, homa inayonyemelea, chumba chenye joto, vyote huyapandisha. Hata ndani ya mbio moja, mapigo hupanda polepole kadiri mwili unavyopata joto na kupoteza maji, ingawa kasi ni ile ile, na juu ya mashine tatizo hili huwa kubwa kwa sababu hakuna upepo wa kukupoza. Ndiyo maana nimeitaja feni mara mbili na sitaomba radhi. Lakini hoja hii inaukataa usomaji wa siku moja, na usomaji wa siku moja hata mimi naukataa. Kinachosomwa ni mwelekeo wa vipimo vingi. Mapigo yakiruka ghafla wiki moja, uliza umelalaje kabla hujauliza umezembea wapi. Yakiruka wiki tatu mfululizo, punguza mazoezi. Vilevile tuache kushindana na jirani. Kanuni maarufu ya kutoa umri wako katika 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ni wastani wa umma. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 na wote wakawa wazima kabisa, na hata kanuni mpya zaidi ya mwaka 2001, ya kutoa asilimia 70 ya umri katika 208, haiondoi tofauti hizo. Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji kanuni yoyote kati ya hizo, kwa kuwa kinakulinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha, na hasa anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo, azungumze na daktari wake kwanza, na katika kupima ategemee uwezo wa kuongea akikimbia, kwani mapigo yake yanasimamiwa na dawa.

Pingamizi lingine ni la walimu wa mazoezi wanaoamini kwamba bila kuteseka hakuna faida. Kukimbia huku unaongea, wanasema, ni matembezi ya jioni. Hapa ushahidi hauko upande wao. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norway, alipochunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa mbio, makasia, baiskeli na kuteleza kwenye theluji wanavyogawa kazi yao, alikuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya kasi nyepesi, na makali yamewekewa sehemu ndogo iliyobaki. Hawa si wavivu. Kasi nyepesi inaruhusu mtu arudi kesho, na kesho kutwa, na kurudi huko ndiko kunakojenga mitokondria na mishipa midogo ya damu. Siku moja ya makali kwa wiki inatosha kwa mtu mwenye kazi na familia, na mashine inaifanya vizuri pia: dakika tatu za kasi, dakika mbili za taratibu, mara nne au tano. Ubaya ni kuifanya kila siku kuwa siku ya makali, kisha kukaa wiki tatu ukijiuguza. Gharama ya kukaa inajulikana. Mwaka 1966, Dallas, vijana watano walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti alioshiriki Bengt Saltin wa Sweden, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukaporomoka kwa karibu asilimia 27. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa na miaka 50, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameteremka chini ya pale kitanda kilipomfikisha. Wiki tatu za kulala ziliwaharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Anayejiumiza kwa pupa na kulazimika kusimama, hesabu hii inamhusu.

Halafu kuna wale wanaoona kwamba mashine si kukimbia kwenyewe. Je, Mtanzania Alphonce Simbu aliichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kukimbilia mbele ya televisheni? Je, Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, umejaa mashine? Jibu la kwanza ni la kifizikia. Jones, huyohuyo wa Radcliffe, na mwenzake Jonathan Doust walionyesha mwaka 1996 kwamba ukiweka mwinuko wa asilimia moja, gharama ya oksijeni kwenye mashine inalingana na ya barabara tambarare kwa kasi za kilomita 10.5 hadi 18 kwa saa. Mwinuko ule unafidia upepo ambao mkimbiaji wa barabarani analazimika kuupasua. Chini ya kasi hizo tofauti ni ndogo kiasi kwamba haifai kukukosesha usingizi. Jibu la pili ni la watu. Christine Clark, daktari na mama wa watoto wawili aliyeishi Anchorage, Alaska, ambako barabara za majira ya baridi ni barafu, alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ndani ya nyumba juu ya mashine, na mwaka 2000 akashinda mchujo wa marathoni wa Marekani na kwenda Olimpiki ya Sydney. Ndugu wakimbiaji wa ukoo wa Ingebrigtsen wa Norway wanaitumia kwa mazoezi yao ya kasi ya kadiri kwa sababu wanataka kila dakika iwe kwenye kasi waliyoipanga, si zaidi, si pungufu.

Na kuhusu Iten, jambo linapendeza zaidi. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa hawaihitaji mashine kwa mazoezi. Wana mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, njia za udongo na kundi la kukimbia nalo saa kumi na mbili asubuhi. Lakini ilipotakiwa kujulikana wanawazidi nini Wazungu, Saltin na wenzake waliwapandisha kwenye mashine, Wakenya na wakimbiaji wa Scandinavia. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1995, tofauti ya uwezo wa juu kabisa wa kuvuta oksijeni haikuwa ya kutisha; iliyojitokeza ni kwamba Wakenya walitumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile. Ni hadithi ya Radcliffe kwa mara nyingine, na shahidi ni yule yule, ukanda unaozunguka bila upendeleo.

Uchoshi wake siukanushi. Kifaa hiki kina nasaba mbaya: mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya kuwatumikisha wafungwa wa Uingereza, na lilipofutwa magerezani mwaka 1898 hakuna aliyelililia. Lakini kipimo nilichokieleza kinachukua nusu saa, mara moja kwa wiki au pungufu. Nusu saa ya kuchoshwa inavumilika. Wala halazimiki mtu kununua mashine yake ili ije kusimama sebuleni umeme ukikatika na kugeuzwa kamba ya kuanikia. Ada ya siku moja katika jimu inatosha kwa kipimo, na mbio nyingine zote zifanyike mtaani na wenzake wa jogingi, bure.

Tena ni lazima zifanyike mtaani, kama lengo ni mashindano, kwa sababu kuna kitu mashine nyingi haziwezi kabisa: kuteremka. Njia ya Kilimanjaro Marathon mjini Moshi hupanda kuelekea Mweka, na hapo aliyejijenga kwenye mwinuko wa asilimia nne au tano wa mashine anaweza kuwapita wengi. Kisha njia inageuka kurudi mjini. Katika mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia huku ikivutwa, na ni kazi hiyo inayoichana na kuiacha na maumivu ya siku tatu. Moyo hauoni shida, mapigo yapo chini, na daftari lako la jimu halina mstari hata mmoja wa kukuonya. Misuli huizoea kazi hiyo kwa kuifanya tu, kidogo kidogo. Anayejiandaa kwa Moshi basi aanze kutafuta mteremko wiki sita au nane kabla ya siku yenyewe, na mwenye kuishi Dar ajue kwamba Kigamboni hataupata, aende Pugu.